Herufi Pembeni mwa Mchoro

Kazi ya kueleza matumizi ya chombo si ndogo kama idhaniwavyo na watu waliozoea vitabu vya elimu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Kwa miaka mingi nimefundisha Kiswahili chuoni, nimesahihisha insha za wanafunzi zisizo na idadi, na nimeandika tasnifu nzima juu ya nakala za tenzi na tofauti zao. Walakini sikupata kuandika hata ukurasa mmoja wa kumwambia mtu abonyeze kitufe gani kwanza na kipi baadaye. Maandishi ya namna hiyo niliyahesabu katika jamaa ya karatasi zikutwazo ndani ya sanduku la redio mpya, ambazo hukunjuliwa, hutazamwa, kisha hufungiwa maandazi. Mwaka umepita sasa tangu nilipotolewa katika ujinga huo, na walionitoa hawakuwa wanachuoni.

Mhandisi mmoja kijana, mtoto wa jirani yangu wa zamani, alinijia nyumbani jioni moja, akaniamkia, akakaa kwa adabu hata chai ikaletwa, ndipo akanieleza haja yake. Ofisi aliyoajiriwa, hapa Dar es Salaam, ilikuwa na kazi ya kusanifu na kusimamia jengo la ghorofa sita. Yeye kwa akili yake alikuwa ametunga programu ndogo ya kompyuta ya kubadili alama za matoleo katika michoro ya ujenzi. "Programu ni nzuri, Mwalimu," aliniambia, "lakini hakuna aitumiaye ila mimi. Niliandika maelezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Wachoraji wameyaweka chini ya birika. Nataka kijitabu cha Kiswahili ambacho mtu atakifuata bila ya kunipigia simu usiku." Nilikubali papo hapo. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja na Jumapili yake. Ilinichukua miezi mitano, na nusu ya muda huo niliutumia kuondoa makosa yangu mwenyewe.

Kabla ya kusema juu ya programu sina budi kueleza kitu inachokihudumia, maana yamkini msomaji hajapata kuitazama ramani ya jengo ila kwa mbali, kama nilivyokuwa mimi. Jengo kubwa halichorwi katika karatasi moja. Kila ghorofa ina karatasi yake. Nguzo zina zao, boriti zina zao, ngazi, mabomba na nyaya za umeme kadhalika. Jengo lile la ghorofa sita lilikuwa na karatasi 140. Katika pembe ya chini, upande wa kulia, kila karatasi ina kisanduku cha maelezo: jina la kazi, namba ya mchoro, kipimo, aliyechora na aliyekagua. Karibu na kisanduku hicho pana jedwali dogo, na ndani ya jedwali hilo mna herufi moja, tarehe, maneno machache ya kusema kilichobadilika, na herufi za kwanza za majina ya waliohusika. Mchoro ukitolewa mara ya kwanza huitwa A. Ukibadilishwa huwa B, kisha C. Ofisi nyingi huziruka herufi I na O, kwa sababu haraka ya macho huzichukua kuwa 1 na 0. Ofisi nyingine hufuata desturi ya Uingereza ya kuandika P01 kwa mchoro ulio bado katika mashauri, na C01 kwa mchoro uliokwisha kutolewa ili ujengwe.

Mabadiliko hayana mwisho mpaka jengo liishe. Mwenye mali hutaka mlango mpana zaidi. Udongo huonekana kuwa laini kuliko ulivyodhaniwa. Bomba hukutana na boriti mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Tena badiliko moja halikai peke yake. Mlango ukipanuliwa, nguzo husogea. Nguzo ikisogea, mchoro wa msingi hubadilika, na wa nondo, na wa sura ya nje. Kwa hiyo mabishano ya dakika kumi katika mkutano yanaweza kuzaa kazi ya karatasi ishirini au thelathini, na kila karatasi sharti ipate herufi mpya.

Hapo zamani herufi hiyo ilikuwa na ndugu yake asiyefichika. Fundi mkuu wa ujenzi ule, mzee ambaye alianza kazi yake ofisini kwa wachoraji akiwa kijana, alinisimulia jinsi walivyokuwa wakichora kwa wino juu ya karatasi nyepesi ipitishayo mwanga. Palipohitaji kubadilishwa palikwanguliwa kwa wembe, pole pole, kisha pakasuguliwa kwa ukucha ili wino mpya usitawanyike. "Hata ukiwa fundi namna gani, Mwalimu," alisema, "palibaki kovu. Ukiinua karatasi kwenye dirisha unaliona. Unajua hapa palikuwa na kitu kingine." Kompyuta haiachi kovu. Mstari ukifutwa, umefutika kana kwamba haukupata kuwapo. Ndiyo maana wachoraji wana desturi ya kuzungushia mahali palipobadilika mstari wa vinundu kama wingu, na kando yake kuchora pembetatu ndogo yenye herufi ya toleo. Wingu lile ni kovu la kutengenezwa. Nililipenda tangu siku ya kwanza nilipolijua, bila kujua kuwa nitakuja kuwa na deni kwake.

Sasa niseme programu yenyewe hufanyaje. Wachoraji wa ofisi ile hutumia AutoCAD, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1982, na ambayo kwa miaka mingi imekuwa na lugha yake ndogo ya kuandikia amri, iitwayo AutoLISP. Kwa lugha hiyo kijana wangu alitunga kazi yake. Mtu huandika orodha ya michoro itakayobadilishwa, huandika herufi mpya, tarehe na maneno ya badiliko, kisha hubonyeza. Programu hufungua faili moja baada ya nyingine, hutafuta kisanduku cha maelezo, huongeza mstari katika jedwali, huihifadhi faili na kwenda kwa inayofuata. Kazi ambayo mchoraji mmoja aliifanya tangu asubuhi hata alasiri, huku akikosea tarehe mara mbili tatu kwa uchovu, humalizika kabla chai haijapoa.

Lakini katika kuitazama ikifanya kazi niligundua jambo ambalo mwenyewe hakuliona la kuandikwa. Kisanduku cha maelezo, kwa macho ya kompyuta, si mistari na maneno. Ni kitu kimoja kilichofungwa pamoja, chenye vyumba vilivyopewa majina, na programu hutafuta majina hayo. Wako wachoraji ambao kwa kutaka kusogeza neno moja hukivunja kitu hicho kikawa mistari mitupu na maneno matupu. Mtu akiitazama karatasi huona kisanduku kilekile kama cha jana. Programu haioni kitu. Hupita kimya, na mchoro hubaki na herufi yake ya zamani kati ya wenzake waliokwisha kubadilika. Nilimwuliza mhandisi, "Je, humwambia mtu kuwa imeruka?" Akafikiri, akasema, "Hapana, Mwalimu. Mimi huhesabu mwenyewe." Basi kifungu cha kwanza nilichokiandika kwa yakini katika kijitabu kile kilikuwa cha kuhesabu: michoro mingapi imo katika orodha, mingapi imeguswa, na kama hesabu hazilingani usitoe karatasi hata moja. Baadaye yeye aliiongezea programu taarifa ya michoro iliyorukwa. Nilijivuna kidogo, na majivuno hayo yaliniponza.

Taabu yangu ilikuwa katika neno. Waingereza wana neno moja ambalo hulibebesha mizigo mitatu: kitendo cha kubadili, kitu kilichobadilika, na hali ya karatasi baada ya kubadilishwa. Mafundi wamelitwaa zima zima, wakaliita rivisheni, na wote huelewana. Mimi sikuridhika. Mwalimu wa Kiswahili akisikia neno la namna hiyo hujiona ameitwa vitani. Nilipendekeza kwanza durusu, ambalo ni neno zuri lenye nasaba ya madrasa. Mhandisi aliniambia kwa upole kwamba kwa vijana wake kudurusu ni kusoma kwa ajili ya mtihani. Nikapendekeza marudio. Fundi mkuu alishtuka: "Marudio? Wakiona hilo, mafundi watadhani kazi inavunjwa ijengwe upya." Mwishowe nikatua juu ya masahihisho. Lilikuwa na heshima, lilijulikana na kila aliyepita shule, na mimi mwenyewe nimelitumia kwa kalamu nyekundu maisha yangu yote. Nililipanda kila mahali. Jedwali likawa jedwali la masahihisho, herufi ikawa herufi ya masahihisho, na katika kifungu cha saba, ambacho ndicho moyo wa kijitabu, niliandika sentensi ambayo naikumbuka kama mtu akumbukavyo tusi alilotukana: Baada ya kubonyeza kitufe hiki, programu itasahihisha michoro yote iliyomo katika orodha.

Ni sentensi safi. Mwanafunzi angeileta katika insha ningeipa alama.

Kijitabu kilichapwa katika ofisi ile, kurasa kumi na nne, kikapewa kila mchoraji. Haukupita mwezi, pakatolewa badiliko la ringi katika boriti za ghorofa ya tatu. Ringi, kwa msomaji asiyejua, ni zile nondo nyembamba zilizokunjwa mraba ambazo huzikumbatia nondo kubwa za boriti. Karibu na nguzo, ambako boriti hutaka kukatika, huwekwa zikikaribiana. Mhandisi mkuu alikuwa amepiga hesabu tena, akaona kwamba badala ya kuachana milimita 200 ziachane milimita 150. Karatasi zilizohusika zilikuwa 23. Mhandisi wangu alichora upya 21 akapatwa na safari ya ghafula; mbili akaziacha kwa siku ya kurudi. Mchoraji mmoja mgeni, ambaye alikuwa na majuma mawili tu katika kazi ile, aliambiwa na wakubwa zake atoe toleo C. Alikichukua kijitabu changu akakifuata, kifungu kwa kifungu, kwa uaminifu ambao nimewatamania wanafunzi wangu. Aliandika orodha ya karatasi 23. Alibonyeza. Alihesabu: 23 katika orodha, 23 zimeguswa. Kila karatasi ilipata herufi C, tarehe ya siku ile na maneno ya kwamba ringi zimesogezwa. Hata herufi za jina la mkaguzi zilijazwa, kwa sababu programu ilizichukua katika orodha ya kazi kama ilivyochukua tarehe. Karatasi zikapigwa chapa zikapelekwa saiti.

Miongoni mwake zilikuwamo zile mbili ambazo hazikuwa na badiliko lolote isipokuwa herufi. Mchoro ulisema C, jedwali lilisema ringi zimesogezwa, na ndani ya boriti iliandikwa milimita 200 kama zamani.

Zege lilikuwa limiminwe asubuhi ya kesho yake. Mafundi nondo walikuwa wamekwisha kufunga ringi za boriti mbili kwa kufuata karatasi hizo, na mbao zilikuwa tayari. Fundi mkuu alipita jioni, miwani juu ya paji la uso, karatasi mkononi, kama ilivyokuwa desturi yake kila kabla ya zege. Alitafuta wingu. Hakuliona. Aligeuza karatasi akaitazama nyuma, jambo ambalo alilisimulia baadaye kwa kujicheka, maana nyuma ya karatasi hamna kitu. Kisha akasema maneno ambayo nimeambiwa na watu watatu kwa namna moja: "Herufi imekuja, wingu halikuja. Hapa pana mtu hakuchora." Akasimamisha kazi, akapiga simu mjini.

Hakuna aliyeumia, wala boriti haikujengwa vibaya. Hasara ilikuwa siku moja ya kazi na maneno makali kutoka kwa mwenye kuleta zege. Nakiri kwamba nilipopata habari, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kujitetea. Nilisema kosa ni la yule kijana mgeni: programu haiwezi kujua nafasi za ringi, na kila mwenye akili anajua hivyo. Kijana mwenyewe alikuwapo. Hakubishana nami; alinifungulia kijitabu kifungu cha saba, akaweka kidole, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Hapa umeandika itasahihisha."

Sikuwa na jawabu. Kusahihisha ni kukifanya kitu kiwe sahihi. Hiyo ndiyo maana ya neno, wala hahitaji mtu kuwa na digrii ili aijue; na mtu aliyeambiwa kwa maandishi ya mwalimu kwamba chombo kinaifanya michoro iwe sahihi ana haki ya kuamini kuwa sasa ni sahihi. Usiku ule nililitafakari neno hilo kuliko nilivyopata kulitafakari katika miaka yote ya kulifundisha. Katika lugha yetu sahihi ni kile kisicho na kosa. Na sahihi pia ni jina la mtu aliloliandika kwa mkono wake ili kuthibitisha. Wahenga walioziweka maana hizo mbili katika neno moja walitazamia kwamba mtu hataweka ya pili mpaka awe ameiona ya kwanza. Programu ilikuwa imeitia ya pili katika karatasi 23 ilhali ya kwanza ilikuwamo katika 21 tu, na mimi ndimi niliyewafunika wote wawili kwa kitenzi kimoja.

Mhandisi wangu aliporudi safari hakunilaumu. Alinipa kitu cha kusoma, na kitu hicho kiliniuma kuliko lawama. Ilikuwa habari ya hoteli ya Hyatt Regency katika mji wa Kansas City, Marekani. Katika ukumbi mkubwa wa hoteli ile, iliyofunguliwa mwaka 1980, palikuwa na njia za kupitia watu zilizoning'inizwa kwa fimbo za chuma kutoka darini, moja usawa wa ghorofa ya nne, na nyingine chini yake usawa wa ghorofa ya pili. Mchoro wa awali ulionyesha fimbo ndefu zitokazo darini, zikipenya katika njia ya juu na kuendelea hata kuishika njia ya chini. Katika michoro ya watengenezaji wa vyuma jambo hilo likabadilishwa: fimbo moja kutoka darini hadi njia ya juu, na fimbo nyingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kwa macho ni badiliko dogo, na lenye kurahisisha kazi. Lakini mtu akifunga ndoo mbili katika kamba moja ya kisima, kila moja kwa fundo lake, kila fundo hubeba ndoo yake. Akiifunga ndoo ya chini katika kitako cha ndoo ya juu, fundo la juu hubeba zote mbili. Michoro ile ilirudi kwa wahandisi ikapigwa muhuri. Tarehe 17 Julai 1981, jioni, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi, njia zote mbili zilianguka. Watu 114 walikufa. Taasisi ya serikali iliyochunguza ilieleza mwaka 1982 kwamba badiliko lile liliuongeza mara mbili mzigo wa kiungo cha juu. Na kwamba hata mchoro wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na sheria ya mji. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao.

Sisemi kwamba ringi zetu za Dar es Salaam zingaliua mtu. Hesabu hizo si zangu, na mhandisi mkuu aliniambia kwa uungwana kwamba boriti ile ingalisimama, ila kwa salama iliyopungua. Nilichokiona ni kufanana kwa mlango ambao hatari ilipitia: karatasi yenye alama ya kukaguliwa, na nyuma ya alama hakuna aliyekagua. Hapo ndipo nilipoacha kujiona mtu aliyeombwa msaada wa lugha.

Tuliketi watu watatu, mhandisi, fundi mkuu na mimi, katika kontena la saiti, siku za Jumamosi nne mfululizo. Programu ilibadilishwa kwanza. Chumba cha jina la mkaguzi hakijazwi tena na kompyuta. Hubaki kitupu mpaka mkaguzi mwenyewe afungue mchoro na kuandika. Wachoraji walinung'unika kwamba nusu ya faida imepotea, nao hawakukosea, kwa maana ile kazi ya dakika chache sasa yamalizika baada ya siku nzima, kutegemea mkaguzi yuko wapi. Fundi mkuu aliwajibu kwamba siku nzima ndiyo iliyokuwa ikitumika tangu zamani.

Kisha tukaja kwenye maneno. Niliuvunja ule mzigo wa neno moja katika mafungu yake. Kilichotendwa katika jengo nimekiita badiliko. Hali ya karatasi baada ya badiliko kuchorwa nimeiita toleo. Ile A au B nimeiita herufi ya toleo, wala si kitu zaidi. Neno masahihisho nimeliondoa lote, nimelirudisha darasani. Na rivisheni, ambalo nililipiga vita, nimeliweka katika faharasa nyuma ya kijitabu, kwa sababu ndilo atakalolitafuta fundi mwenye haraka, na haitamfaa kukuta mahali pake nimeandika ninalolipenda mimi. Kifungu cha saba sasa kinasema: Programu itaandika herufi mpya na tarehe katika kisanduku cha maelezo. Haitagusa mchoro wenyewe. Usibonyeze mpaka uwe umeliona wingu la badiliko katika kila karatasi ya orodha. Ni sentensi tatu kavu, na ya kati ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo. Nilikuwa nimeeleza kwa ufasaha yote ambayo chombo hutenda, sikueleza kile kisichotenda. Wala sikujiona nimepungukiwa, maana utaratibu wetu wa kusifu vitu hauna desturi hiyo.

Lilibaki jambo la karatasi za zamani, na hapa nililazimika kuipinga elimu yangu mwenyewe. Mimi nimelelewa katika nakala. Tofauti ya neno moja kati ya hati mbili za utenzi hunifurahisha siku nzima, na iliyo kongwe naishika kwa mikono miwili. Hata katika vitabu vya chapa, mwanafunzi akija darasani na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 badala ya ile ya 2004 au ya 2013, sioni dhara kubwa. Aghalabu huongeza mazungumzo. Katika saiti hati kongwe ni sumu. Nilipozunguka na fundi mkuu tulikuta toleo A la mchoro mmoja limebandikwa ukutani mwa ghala, toleo B limekunjwa mfukoni mwa fundi wa mbao, na jingine la B limetandikwa mezani chini ya vikombe. Programu haina mkono wa kufika huko. Nilisema katika dini tuna elimu ya nasikhi na mansukhi, iliyofuta na iliyofutwa, na mtu hawezi kutoa hukumu bila kuijua. Mhandisi akacheka akidhani nataka kuchonga muhuri wa MANSUKHI. Tulichonga wa IMEBATILISHWA, mkubwa, wa wino mwekundu.

Juu ya hilo tulibishana. Mhandisi alisema kukusanya karatasi za zamani si kazi ya programu, na kijitabu ni cha programu. Kwa mantiki alikuwa na haki. Fundi mkuu alimwuliza, "Mwanangu, ukimpa mtu dawa mpya, humwambii aimwage ya zamani?" Kwa hiyo kifungu cha mwisho hakitaji kompyuta hata mara moja. Chasema nani anazo karatasi za toleo lililopita, arudishe ngapi, zipigwe muhuri wapi, na kwamba karatasi mpya haitolewi mkononi mwa mtu mpaka ya zamani iwe mezani. Kimekuwa kirefu kuliko vyote. Nilitaka kukipunguza, sikujua nipunguze nini.

Yule kijana mchoraji bado yuko pale. Nilimpa rasimu aisome kabla ya wakubwa wake, akanirudishia ikiwa na alama za penseli mahali kumi na moja. Tisa kati yake zilikuwa za haki. Mbili nilimwambia kuwa si makosa, ni lugha ya watu wa pwani, akakubali moja.

Juzi kijitabu kilikuwa tayari kupigwa chapa, na mhandisi akanikumbusha kwamba nacho ni karatasi ya kazi kama nyingine, hakiwezi kutoka bila jedwali. Nimelichora katika ukurasa wa kwanza. Katika mstari wa juu nimeandika A, na tarehe ya mwaka jana, na maneno: kimetolewa mara ya kwanza. Katika mstari wa chini yake nimeandika B, na tarehe ya juzi, na maneno: kifungu cha 7 kimebadilishwa, kifungu cha mwisho kimeongezwa. Pembeni mwa kifungu cha saba nimechora wingu kwa mkono, baya, kama mkate wa kumimina ulioanguka. Mahali pa mwandishi nimetia herufi za jina langu. Mahali pa mkaguzi pangali patupu. Fundi mkuu amekichukua nyumbani akisome kwa nafasi, na amesema nisimharakishe.